Mgahawa Aliouchagua Mkwe

Mkwe, mama yake mchumba wa binti yangu, alipopendekeza tukutane kwenye mgahawa wa nyama choma ya Kikorea, nilijua kuna jambo. Ulikuwa mlo wa kwanza wa familia mbili kabla ya harusi, na katika mji mzima anachagua mahali ambapo kila kitu kinapitishwa kwenye ufuta. Binti yangu, bibi harusi mwenyewe, hali ufuta. Si kwamba haupendi. Akionja kidogo koo linavimba, na mara ya mwisho tulimfikisha hospitali midomo imeshabadilika rangi. Mimi nina stashahada ya famasia, kutwa nagawa dawa dirishani, kwa hiyo mtu asinieleze kwamba mzio ni kudeka.

Na nilikuwa nimemwambia mkwe mapema. Yeye ni fundi wa mapazia, mwanamke wa maneno machache, anakupima kwa macho kama dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ukiwa kidogo sana, je?"

Swali hilo lilinikaa rohoni. Dirishani kwangu nimesikia habari za mama wakwe wanaomtilia mtu kitu kwenye chakula kwa siri, waone kama kweli ataumwa. Nilimweleza mume wangu, akasema naona majini mchana kweupe. Binti akaniomba nisimwaibishe, maana mchumba wake ameshawaalika jamaa zake. Nikamjibu kuwa bora nuksi ya aibu kuliko nuksi ya kupumulia mashine.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikavua koti jeupe nikaenda kujionea. Meza zilikuwa za chuma, kila moja na jiko katikati, na juu yake bomba la kunyonya moshi limening'inia kama pua. Kabla sijavuta kiti nikamwona mkwe. Amesimama mlango wa jikoni, amenipa mgongo, anamkabidhi mpishi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Mpishi akakipokea haraka, akakiweka kwapani.

Nilikwenda moja kwa moja. "Hicho nini?" Salamu nilizisahau.

Mkwe akageuka. Hakushtuka kama nilivyotaka. Nilimwambia mpishi akifungue pale pale, mbele yangu. Ndani mlikuwa na koleo mbili za kugeuzia nyama, mkasi wa kuikatia, wavu wa jiko na chupa ya mafuta ya alizeti, vyote vipya. Ni vya binti yangu, mkwe alisema, visiguse nyama ya mtu mwingine. Nikaichukua chupa, nikakagua kizibo. Hakikuwa kimefunguliwa. Nikakifungua, nikanusa.

"Nusa tu," akasema. "Ningekuwa wewe ningeinywa kabisa."

Nikamkumbusha lile swali lake. Akasema alitaka kujua kama wavu wa mgahawa ukioshwa unatosha, au lazima anunue mwingine. Mwanawe, akaongeza, ana moyo wa kuku. Mkewe akianguka mezani tutabeba wagonjwa wawili.

Jibu lilikuwa safi mno. Nilitafuta pa kulishikia, nikakosa, nikamgeukia mpishi. Yeye akaapa kwamba nyama ya binti itakuwa na chumvi tu, ufuta hata chembe. Nikamwambia ailete hiyo chumvi niione.

Alileta kibakuli. Chumvi na pilipili manga zilikuwa zinaogelea kwenye mafuta ya rangi ya chai. Nikanusa, nikamsogezea mkwe. Mpishi, bila wasiwasi wowote, akaeleza kwamba chumvi yao ya kuchovyea huchanganywa na mafuta ya ufuta kila asubuhi, lakini punje za ufuta hamna, tutazame wenyewe.

Mkwe alikitua kibakuli polepole. "Nimemwuliza huyu mpaka nimejiona msumbufu," aliniambia. "Kila mara ananiambia hakuna." Akavifunga vitu vyake upya kwenye gazeti, tukatoka.

Mtaa wa pili palikuwa na mgahawa mwingine wa aina hiyo hiyo. Mwenye nao, mama mnene mwenye aproni, alikuwa anafuta meza. Safari hii mkwe ndiye aliyetangulia kuuliza kama wanatumia ufuta.

"Mwingi," yule mama akajibu, mkono ukiendelea kufuta. "Kwenye mchuzi, kwenye mboga, mpaka kwenye chumvi. Nani hawezi kuula?"

Tukatazamana. Ndiye wa kwanza aliyeuliza. Tukapatana naye: meza ya pembeni, mchana wa mlo wasihudumie mwingine kabla yetu, chakula cha jamaa wote kiwe bila ufuta, na chumvi itoke kwenye pakiti itakayofunguliwa mbele yetu.

Siku ya mlo, sindano ya dharura ilikuwa mkobani mwangu. Mkwe alishika koleo moja, mimi nyingine, na hatukumwachia mtu. Shemeji zangu walinung'unika kwamba nyama haina ladha, wakala yote. Mkwe alipomkatia binti yangu kipande cha kwanza, nilikidaka kabla hakijafika kwenye sahani, nikakinusa. Sikuomba radhi.

Mkwe alisubiri, mkasi mkononi.

"Umemaliza? Lete nami."

Akakinusa pia, ndipo akampa.