Inaunguruma, Haionyeshi

Kuwaka iliwaka, hilo hakuna aliyebisha. Ukibonyeza kitufe, feni ilivuma, kitaa cha kijani kikang'aa mbele ya boksi, na ndani kukasikika ule mkwaruzo wa mashine inayojinyoosha ianze kazi. Lakini kioo kilibaki cheusi ti. Huruma alikitazama akajiona mwenyewe humo, na kichwa cha mwanawe Anderson kikichungulia begani kutoka mgongoni.

"Labda imechoka," alisema Mzee Barnaba, mlinzi wa jengo, akiwa amesimama mlangoni na koti lake zito la mvua.

"Itachokaje, Babu, na kazi yenyewe haijaanza?" Huruma alijibu, lakini sauti ilimtoka nyembamba.

Alikuwa na sababu. Kompyuta ile ilikuwa moja tu kwa darasa zima la jioni, akina mama waliokutana katika chumba cha nyuma ya kanisa, pale Newala mjini, wakipokezana kiti kimoja. Tena ilikuwa ya kuazimwa. Ofisi moja ya Masasi iliyogawa mashine za mitumba kwa vikundi ndiyo iliyoileta, na ofisi hiyohiyo, iliposikia kwamba mashine imegoma, ilipiga simu: kesho asubuhi Bwana Ladislaus atapanda na gari kuichukua. Fundi wao alikwisha kutoa hukumu akiwa hukohuko bondeni kwamba kioo kimekufa. Kule Nanganga kulikuwa na kikundi kinasubiri zamu. Kitapewa boksi na kutafutiwa kioo kingine. Kikundi cha Newala kitafikiriwa siku za mbele.

Huruma alizijua siku za mbele. Ndizo alizoahidiwa kupelekwa sekondari, akiwa binti mdogo kwao Makote, na hadi anaolewa hazijafika. Sasa asubuhi alibangua korosho katika kiwanda kidogo kilichofunguliwa baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa, na vidole vyake vilikuwa na mabaka ya mafuta ya ganda yanayochuna ngozi. Msimamizi wa pale alitaka mtu wa kuingiza uzito wa magunia kwenye kompyuta. "Ukimaliza kozi yako, uje," alimwambia. Kozi ilikuwa imefika katikati. Gari likiondoka na ile mashine, na kozi imeondoka.

Mwalimu aliingia akikung'uta ukungu kwenye khanga. Jina lake Cecilia, lakini mji mzima ulimwita Mama Reginald. Alikuwa karani mpiga chapa tangu enzi za taipu, na kompyuta alijifunza akiwa na wajukuu tayari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Anderson. Huyo mbona hajalala?"

"Anaangalia msiba wetu."

"Nani kafa? Sijaona maiti hapa." Akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono mapajani.

Huruma alipenda sana kumtazama mwanamke huyu akianza jambo. Watu wengine, kitu kikiwagomea, hukipiga makofi, huchomoa hiki na kuchomeka kile, mwisho hawajui ni lipi lililoponya na lipi lililoua. Mama Reginald aliketi kama mtu aliyekwenda kumjulia mgonjwa hali, akasikiliza kwanza.

"Msiniambie inachokataa," alisema. "Niambieni inachofanya."

"Feni inazunguka," Huruma alisema. "Taa ya boksi inawaka. Kioo nacho kina kitaa, ila cha rangi ya chungwa."

"Siku zote huwa cha rangi gani?"

"Kijani."

"Haya. Maiti hawashi taa. Kioo kiko macho, kinasubiri kuletewa picha. Sasa ama picha haitumwi, ama inatumwa na kupotelea njiani, ama inafika na kioo kinashindwa kuionyesha. Tuanze na lililo rahisi kulithibitisha."

Njia ndiyo ilikuwa rahisi. Alizima umeme, akachomoa waya unaounganisha boksi na kioo, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vijino vyote vya waya vilikuwa vimesimama wima, hakuna kilichopinda. Akaurudisha, akazibana skrubu zake. Weusi uleule.

"Sasa kioo," alisema. "Husseni ana kompyuta pale studio. Tukikichomeka kioo chetu kwenye boksi lake, kitatuambia ukweli."

"Kitafikaje huko? Ni kizito kile," alisema Barnaba.

Huruma alikuwa amekwisha kusokota khanga kuwa ngata. Alimkabidhi mwalimu mtoto, akajitwika kioo, shingo ikakaa sawasawa. Miaka yote amepandisha ndoo za maji kutoka mabondeni. Kioo cha kompyuta hakimwagiki. Wakakata ukungu wa mwezi wa sita, yeye mbele, mwalimu nyuma na Anderson, na njiani watu hawakunyamaza.

"Mama Anderson! Leo mnahamisha televisheni?"

"Tunaipeleka kliniki!" alijibu mwalimu.

Husseni, mwenye studio ya picha, aliwapokea kwa kicheko. "Mama Reginald, hiki kimekimbia baridi ya Ulaya, kinafika Newala kinaikuta imeshatangulia. Lazima kigome."

"Chomeka, Husseni. Maneno utatupa na chai."

Alichomeka. Kitaa kikawa kijani, na kioo kilichohukumiwa kufa kikaonyesha picha safi, rangi zote mahali pake. Huruma alipiga kigelegele kifupi, kisha akakikatiza mwenyewe. Kama kioo ni kizima, basi ugonjwa uko ndani ya boksi, na ndani ya boksi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia.

"Mwalimu, si ndiyo mbaya zaidi?"

"Ndiyo nafuu zaidi. Tulikuwa na pa kutafuta patatu, sasa pamebaki mahali pamoja tu. Mwanangu, kujua ambapo tatizo halipo ni nusu ya safari."

Husseni alifunga duka akawafuata, akiapa kwamba ni kwa ajili ya kubeba kioo tu, kumbe udadisi umemshika. Chumbani, mwalimu aliomba kimya. Aliwasha, akainamisha sikio kwenye boksi. Chini ya mvumo wa feni palikuwa na mlio mwembamba, mrefu, ukikatika na kuanza upya.

"Huo tumeusikia tangu juzi," alisema Huruma. "Tulidhani ni umeme mdogo."

"Ndiyo sauti yake ya kuomba msaada. Haina picha ya kusemea, itafanyaje? Mlio mrefu unaojirudia, kwa hizi za aina hii, mara nyingi ni kumbukumbu: kile kipande inachowekea kazi iliyo mkononi. Bila hicho haiwezi hata kuanza kuchora."

Alizima, akachomoa waya wa umeme kabisa ukutani, akatoa skrubu za kava kwa bisibisi na kuzipanga kwenye kisahani kwa mpangilio wa zilivyotoka. Kabla ya kugusa chochote ndani, alishika bati la boksi kwa kiganja kizima. "Mwili una umeme wake," alieleza. "Huuoni, lakini unaweza kuua kipande hiki. Uache kwenye bati kwanza." Na Huruma, aliyekuwa ameinama karibu, naye akashika bati.

Mwalimu alifungua vibanio viwili, akakitoa kipande chembamba kama rula fupi, akakirudisha na kukikandamiza mpaka vibanio vikalia. Akawasha. Mlio uleule, weusi uleule.

Husseni alikuna kidevu. Nje kiza kilianza kuingia, na Huruma aliona kama anausikia muungurumo wa gari la kesho likipanda mlima. Alimtazama mwalimu ili aone kama amekata tamaa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzima tena na kuchomoa waya, anakitoa kile kipande kwa mara ya pili, bila haraka na bila kusonya.

"Vijino hivi vinatakiwa ving'ae kama dhahabu," alisema. "Macho yangu si ya jana. Wewe unaonaje?"

Huruma alikipokea kwa pembe zake. Vijino vilikuwa na utando wa kahawia, unaonata. Akausogeza puani, na harufu hiyo akaitambua, kwani alikuwa akienda nayo nyumbani kila siku.

"Ni moshi wa maganda ya korosho! Mafuta yake yameganda hapa. Lakini nani anachoma maganda ndani ya chumba cha kompyuta?"

Koti zito likachakacha mlangoni.

"Ni mimi," alisema Mzee Barnaba. Alikuwa amevua kofia. "Mwalimu alisema siku ile, kompyuta adui yake ni unyevu. Na mwezi huu ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi. Nikaona haya, kitu cha watu kinapata baridi nami ni mlinzi. Kila alfajiri naweka jiko chini ya meza, na maganda, maana yanashika moto haraka na yapo bure. Nilitaka ikauke. Nnungu wangu, Mungu anisamehe, kumbe naiua."

Husseni alifungua mdomo, na ilionekana wazi kwamba ni utani unakuja. Mwalimu alimtazama. Mdomo ukafungwa.

"Mzee Barnaba," alisema mwalimu, "nilikufundisha nusu ya somo. Nilisema haipendi unyevu, sikusema haipendi na moshi. Mwanafunzi aliyefuata nusu aliyopewa hana kosa. Umetulindia na ukungu, sasa tusaidie kutoa moshi. Husseni, ile spiriti unayosafishia hedi za redio kaseti ipo?"

"Ipo, mama. Nakimbia."

Akaileta pamoja na pamba. Mwalimu alitaka kuanza, akasita, akamsukumia Huruma kipande. "Wewe ndiye unayejua mafuta haya yanavyoshika. Futa."

Kwa kweli aliyajua. Aliyajua kwamba ukisugua kwa nguvu yanasambaa, na kwamba lazima uyaloweshe, usubiri, kisha uyavute kuelekea upande mmoja. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia, ya pili kama chai ya maziwa. Mwalimu alisafisha mfereji ambamo kipande hukaa, kwa mswaki mpya, huku Barnaba akimmulikia tochi kwa mikono miwili. Wakaacha spiriti ikauke yote. Kisha Huruma akashika bati, akapachika, akakandamiza. Vibanio vikalia tak, tak.

"Washa," alisema mwalimu.

Feni ilivuma. Mlio ukaja mmoja tu, mfupi, kama mtu aliyeitika jina lake. Kitaa cha kioo kikageuka kijani, na maandishi meupe yakaanza kushuka juu ya weusi, mstari baada ya mstari. Barnaba alizima tochi taratibu akakaa chini sakafuni. Huruma naye alijikuta analia, huku Anderson akizinyooshea mkono zile herufi.

Asubuhi Bwana Ladislaus alifika, kijana mpole mwenye vumbi la barabara ya Masasi mpaka kwenye nyusi. Alikuja na kamba na godoro kuukuu la kulazia mashine. Akakuta akina mama wamejaa chumbani na kompyuta inawaka.

"Hii siyo ile iliyokufa?"

"Ndiyo yenyewe," alisema mwalimu. "Kaa ujaribu."

Alijaribu. Aliandika, akafuta, akafungua hiki na kile, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli. "Mimi nimeagizwa kuchukua mbovu, sijaagizwa kuchukua nzima. Lakini kule wataniuliza, ilikuwa na nini?"

Mzee Barnaba alikuwa palepale dirishani. Huruma aliona vidole vyake vikikamata ukingo.

"Iliingia moshi na uchafu kwenye kumbukumbu," alisema mwalimu. "Sikuwa nimewaeleza watu wangu vizuri namna ya kuitunza. Sasa nimewaeleza. Na mwambie fundi wenu, Nanganga wakipata yao, aanze kwa kuwauliza wanapikia nini na wapi."

Huruma alikuwa amevutiwa na mwalimu huyu kwa mengi: kwa vidole, kwa subira, kwa akili inayokata tatizo vipande. Siku ile aligundua kwamba hayo yote yalikuwa madogo. Alitamani siku moja naye awe mtu anayeweza kusema ukweli wote bila kumwacha mzee yeyote uchi.

Ladislaus aliteremka Masasi na godoro lake na mkungu wa ndizi wa zawadi juu yake. Akina mama wakaanza kugombea kiti kwa furaha, na katika zogo hilo Barnaba akamsogelea mwalimu, kofia mkononi.

"Mama Reginald, na mimi nifundisheni. Nimechoka kulinda kitu nisichokijua."

"Herufi unazijua?"

"Za Biblia nazisoma."

"Ni hizohizo. Mama Anderson!" aliita mwalimu. "Zamu yako leo umpe Mzee Barnaba nusu. Wewe ndiye utakayemfundisha."

Huruma alimbandika mtoto mgongoni, akavuta kiti cha pili, akamngoja mzee aketi na koti lake lote.

"Haya, Babu," alisema. "Kabla hatujagusa chochote, niambie unaona nini."