Nukta Tatu Zilizomkalia Mwana Hidi

Usiku wa jana niliota, na niliota nikiwa na hasira, kwa sababu nililala nayo. Siku nzima nilikuwa mtandaoni nikitafuta ukurasa mmoja wa msafiri wa kale, tabibu aliyepita pwani yetu kama miaka mia saba iliyopita na kuandika aliyoyaona katika mji wa Mwangoni. Tafsiri yake ya zamani ipo, ya bure, yeyote anaisoma; ile mpya, iliyokamilika, inauzwa kwa bei nisiyoiweza. Nilipofika mahali ninapopahitaji nikakuta hivi: "Anayeshika mizani ya mji huu ni mwanamke, naye anaitwa ... Mvua zao ni nyingi."

Nukta tatu. Mtafsiri aliruka maneno, akaweka nukta tatu, akaendelea na mvua. Baada ya mvua kuna kurasa nne za mbuzi.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu yote inamhusu huyo mwanamke. Dokta Mujwahuzi, msimamizi wangu, alishaniambia, "Siwatu, huyo bibi yako hana jina, hana chochote. Ukija Ijumaa bila chanzo, sura hiyo tunaifuta." Nikapanda kitandani nimenuna.

Basi, nimesimama ndani ya tovuti. Usiniulize nilijuaje kuwa ni tovuti. Ni ua mpana wa saruji wenye mlango mmoja, na mlangoni amekaa askari mwenye kufuli mahali pa kichwa.

"Thibitisha kwamba wewe si roboti," anasema.

"Nina njaa, nimekasirika, na mgongo unaniuma tangu asubuhi."

"Roboti wa siku hizi wote wanasema hivyo. Onyesha picha zote zenye ngamia."

Anafungua koti lake. Ndani kuna ngamia wazima wamejipanga, wanatafuna. Nawaonyesha mmoja mmoja kwa kidole. Wa mwisho anasema yeye si ngamia, yeye ni kivuko cha waenda kwa miguu. Askari anamwamini.

"Umekosea," ananiambia. "Rudia."

Narudia. Safari hii ngamia wote wanadai ni vivuko. Namsukuma askari, napita. Mlango wenyewe haukuwa hata na komeo.

Ndani si tovuti tena, ni sebule ya nyumbani kwetu Tanga, na kwenye kochi la baba amekaa mzungu aliyekufa. Ni mtafsiri. Najua amekufa kwa sababu kifuani amebandikwa karatasi iliyoandikwa BURE.

"Karibu, binti," anasema kwa upole. "Chukua chochote upendacho. Haki za mwandishi huisha baada ya miaka sabini ya kufa, nami nimeshaitimiza, kwa hiyo ni bure."

"Nataka ile tafsiri mpya, iliyokamilika."

"Ah, mwenzangu aliyeifanya bado yu hai." Anaonyesha dirishani. Nje, mwanamke mwenye miwani amefungiwa ndani ya kabati la vioo. Anapunga mkono, midomo inacheza, sauti haitoki. "Itabidi umsubiri afe. Halafu uhesabu sabini."

"Mimi nahitaji Ijumaa!"

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Namuuliza kwa nini aliruka jina la mwanamke wa mizani. Anajikuna kidevu.

"Nilikuwa nimechoka," anasema. "Na wasomaji wangu walipenda sana wanyama."

Anapiga makofi. Sebule inajaa mbuzi.

Sijawahi kuona mbuzi wenye majivuno kama wale. Beberu mmoja mwenye doa jeupe kichwani anapanda juu ya meza ya kahawa na kunitazama toka juu hadi chini.

"Mimi nipo ukurasa wa arobaini na moja," anasema. "Rangi yangu imeandikwa. Imeandikwa pia kwamba nilikula mkeka wa kadhi. Wewe umetajwa wapi?"

"Sijatajwa."

"Pole sana. Mimi mwaka huu nafanyiwa utafiti na watu wawili."

Ningekuwa na kisu ningemchinja palepale, na sijali kama angepungua katika historia. Namuuliza yuko wapi mwanamke wa mizani.

"Yuko hapo nje, chini ya wale wanene," anasema, na kuanza kula pazia.

Natoka, na nje si Tanga, ni Mwangoni. Njia imetengenezwa kwa maneno. Nakanyaga "anayeshika", nakanyaga "mizani", nakanyaga "mwanamke". Nikifika kwenye "anaitwa" njia inakatika. Mbele naiona mvua ikinyesha kwa raha zake. Katikati wamekaa wanaume watatu, weusi kama wino, wa mviringo, hawana shingo. Chini yao kuna kitu kinahema.

"Samahani," nasema, "mnamkalia mtu."

"Hatumkalii," anajibu Nukta wa kwanza. "Tunafupisha."

"Tunalinda muda wa msomaji," anasema wa pili.

Wa tatu amesinzia, anakoroma.

Toka chini yao sauti ya mwanamke inapaa: "Waambie waondoke juu yangu!"

"Mmesikia?" nasema. "Kuna mtu anaongea chini yenu."

"Huo ni uvumi," anasema wa kwanza. "Leta chanzo."

"Chanzo ndicho mlichokikalia!"

"Basi huna," anasema wa pili, na kukaa vizuri zaidi.

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sikumbuki kuwa nayo nikiwa macho. Nilimkasirikia Dokta, na mzungu kwenye kochi la baba, na yule mbuzi zaidi ya wote. Nikamrukia Nukta wa tatu nikamng'ata begani, au pale ambapo bega lingekuwepo. Ana ladha ya mkaa uliolowa. Akazinduka, akapiga yowe, akainuka na kukimbilia kwenye mvua.

Pakabaki uwazi mdogo. Likatokea jicho, kisha mdomo.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mwana Hidi binti Faki. Liseme!"

"Mwana Hidi binti Faki."

"Tena!"

Nikalisema tena. Alikuwa amekasirika kuliko mimi, na nilifurahi kupata mwenzangu.

"Watu wanakaa juu ya kifua changu miaka yote hii, halafu nyinyi mnaulizana kama nilikuwepo!" akafoka. "Beberu aliyekula mkeka ana ukurasa mzima! Mimi niliwasimamisha matajiri juani mpaka mizani itulie, na hakuna aliyefungua mdomo. Haya, wewe umeniandikaje?"

Nikakiri: "Nimeandika 'mwanamke mmoja'."

"Mwanamke mmoja!"

"Sikuwa na jina lako, bibi."

"Sasa unalo."

"Ninalo, lakini nikimwambia Dokta nimeambiwa ndotoni atanicheka mbele ya watu. Nipe kingine. Kazi uliipataje? Nani alikupa?"

"Hayo yote yako chini ya hawa wawili. Nafasi niliyopata inatosha jina tu. Usinitolee macho, vuta!"

Nikamshika Nukta wa kwanza, nikavuta. Ukuta ukatokea pembeni, nikauwekea mguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kila nilivyovuta alizidi kuwa mzito. Mwana Hidi alikuwa akipiga kelele kutoka chini, "Vuta! Vuta, mtoto wewe!"

"Dada Siwatu! Acha kupiga ukuta mateke!"

Alikuwa mdogo wangu, Zawena, ameshafungua pazia na jua limejaa chumbani. Akaniangalia usoni, akarudi hatua nyuma.

"Mbona meno meusi? Umekula mkaa?"

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Nikavuta kompyuta kutoka chini ya mto, nikafungua ukurasa ule ule, nikaisogelea sentensi. "Naye anaitwa," halafu nukta mbili. Nikahesabu kwa kidole. Pale pa nukta ya tatu palikuwa peupe, hapana jina, hapana chochote, halafu mvua ikaendelea.

"Kapige mswaki, chai iko tayari," alisema Zawena.

Nikainuka, nikafunga pazia, nikarudi kitandani na kujifunika shuka hadi kichwani.

"Niwekee chai kwenye chupa," nikamwambia. "Bado wawili."