Urithi wa Akina Ngendo

Mwaka wa tisini na nne, Daktari Ouko aliinua picha ya eksirei dirishani katika kliniki yake mjini Nyeri, akamwonyesha Ngendo moyo wake ulivyotanuka.

"Mama, moyo ni msuli. Umri ukisonga, seli zake huchoka, nyingine hufa, na zinazobaki huvimba zikibeba mzigo wa wenzao. Lakini wako umeanza mapema. Baba alikufa na nini?"

"Alianguka tu shambani, akichuma kahawa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili."

"Basi huenda iko kwa damu yenu. Niletee ndugu zako niwapime."

Ngendo alicheka. Mdogo wake Kagure aliogopa sindano kuliko nyoka. Moffat, kaka yao aliyestaafu upolisi Kiganjo, alijigamba hajawahi kumeza hata aspirini. Kuwaita hao hospitali ni kumpigia mbuzi gitaa.

Aliporudi kijijini kwake Wamagana aliwatumia neno moja: hali yake si nzuri, na Jumamosi, mbele ya daktari, atasema ni nani atachukua shamba lake la mtoni.

Jumamosi walifika kliniki kabla yake. Moffat alikuwa amefunga tai. Kagure alikuwa amelia njiani, kiasi cha kuonekana.

"Mtaingia mmoja mmoja," Ngendo alisema. "Moffat, wewe utavua shati."

"Shati ya nini?"

"Ni mambo ya sheria."

Polisi ni polisi, alivua. Aliponusa ujanja, nyaya za kupima moyo zilikuwa zimeshabandikwa kifuani, na heshima haikumruhusu kutoroka kifua wazi mbele ya wauguzi.

Kagure, alipoona hakuna sindano, alikubali kupimwa, akakutwa mzima. Picha ya Moffat daktari aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni kama ya dada yako," alisema. "Ni vizuri umekuja sasa. Hii tunaweza kuituliza kwa dawa na kuacha chumvi."

Moffat alianza kufunga vifungo, akakosea matundu. Ngendo, aliyekuwa amejiandaa kumcheka wiki nzima, alijikuta hana kicheko. Alimfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja.

"Na shamba?" Moffat aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shamba nitalima mwenyewe. Wewe urithi wako umeshapewa na baba."

Moffat alinuna mpaka Jumatano. Alhamisi alifika kwa Ngendo akiwa na kopo la dawa, akauliza githeri, yale mahindi na maharagwe, isiyo na chumvi hupikwaje mpaka ilike.