Dizeli Afanya Mazoezi ya Kupona

Wenzake walimwita Dizeli kwa sababu alichelewa kuwaka, ila akishawaka hazimiki. Mbio zake zilikuwa za mita elfu kumi, mizunguko ishirini na mitano ya uwanja, na mpaka mzunguko wa kumi alikuwa hata hajatokwa na jasho la maana. Sasa siku ya nusu fainali ya vyuo, mzunguko wa kumi na tisa, akiwa anaongoza kwa mbali, Dizeli alitoka njiani, akakaa kwenye nyasi na kuanza kufungua kamba za viatu. Hakuwa ameanguka wala kuumia. Alikaa tu kama mtu aliyefika kwake, huku jukwaa zima likimpigia kelele ainuke.

Kocha alimkimbilia akidhani ni msuli. Daktari wa chuo alimpima miguu, moyo na damu, akasema binti huyu ni mzima kuliko daktari mwenyewe.

"Sasa ilikuwaje?" kocha akauliza.

"Sijui, Kocha."

Kocha hakuwa mtu mbaya, ila neno "sijui" lilimpanda kichwani. Akampeleka kwa mshauri wa wanamichezo, na sharti likawa moja: kwa sababu ya muda wake mzuri wa msimu, nafasi ya fainali ameshikiwa, lakini hasogelei mstari wa kuanzia mpaka alete karatasi yenye saini ya mshauri kwamba yuko sawa. Fainali ilikuwa baada ya wiki tatu.

Dizeli aliitaka saini ile kwa kufa na kupona. Si kwa ajili ya ada. Chuoni aliingia kwa alama za darasani, na angebaki hata kama angevunjika miguu yote miwili. Ilikuwa kwa ajili ya nyumbani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na ukutani, juu ya mashine, alikuwa amebandika picha tisa za bintiye akikata utepe wa kumaliza mbio. Mteja hakupimwa bega kabla ya kusimuliwa angalau mbio moja. Mtaa mzima ulimwita Mama Bingwa, naye aliitika kwa raha zake zote. Dizeli aliamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba siku atakayoacha kukimbia atakuwa amemwibia mama yake furaha ya uzee.

Haya, mwanachuo akisikia kuna mtihani hufanya nini? Hutafuta maswali ya miaka iliyopita. Dizeli alichukua daftari, akawazungukia wanamichezo wote waliowahi kupita kwa mshauri. Golikipa wa timu ya chuo, aliyekwenda huko miezi miwili baada ya kuumia bega, alimpa siri zote wakiwa kwenye foleni ya chakula.

"Atakuuliza habari za usingizi. Sema masaa saba. Usiseme manane, hatakuamini."

"Na akiniuliza ile siku?"

"Sema ulikuwa na presha. Halafu sema umejifunza kitu."

"Nimejifunza nini?"

"Ah, dada! Hilo nalo nikujazie mimi?"

Dizeli aliandika yote. Akajipanga mbele ya kioo cha bweni na saa yake ya mazoezi, akarudia majibu mpaka akaweza kuyamaliza yote kwa dakika kumi na nne.

Ofisi ya mshauri ilikuwa kati ya stoo ya mipira na chumba cha kufulia jezi, na mashine ya kufulia ikizunguka, ukuta wote ulitetemeka. Mlikuwa na viti viwili vya plastiki, meza na chupa ya chai. Mshauri mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuipandisha miwani kichwani kisha kuanza kuitafuta mezani. Kikao cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili, Dizeli alikuwa amejinoa zaidi.

"Habari za wiki, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Nalala masaa saba, nakula vizuri, na nimegundua kwamba nilikuwa na presha."

"Taratibu basi. Chakula nilikuwa hata sijakifikia."

Kikao cha tatu kiliangukia siku tatu kabla ya fainali. Mshauri alimsikiliza hadi mwisho, akatoa ile karatasi kwenye droo.

"Hujakosa hata swali moja," alisema. "Kuna kitu kimoja tu kinanishangaza. Mwaka huu kila anayekaa kwenye kiti hicho analala masaa saba. Hakuna wa sita, hakuna wa manane. Mmekubaliana kwenye mkutano gani?"

Dizeli alijitia hamnazo, lakini kicheko kilimponyoka. Mshauri naye akacheka.

"Mwanangu, hapa hakuna anayeshinda. Daktari amesema mwili wako uko salama, na mimi siwezi kukufungia nje kwa sababu unajibu vizuri mno. Nikisaini, Jumamosi unakimbia. Nisiposaini, hukimbii. Nisaini?"

"Saini, mama."

Mshauri akaipapasa miwani, akaikuta kichwani, akainama. Kalamu ilipogusa karatasi, Dizeli alijikuta akiomba wino uishe. Aliomba kwa moyo wake wote, kama mtoto anayeomba mvua isikatike ili asiende shule. Ombi lenyewe likamtisha.

"Mama, ngoja. Usisaini."

Kalamu ikasimama. Mshauri akaiweka chini.

"Siku ile sikuchoka," Dizeli alisema. "Niliona nashinda. Nikajiambia, nikishinda hii ndiyo basi, sitaweza kuacha tena. Sipendi kukimbia, mama. Zamani nilipenda sana. Sasa ni mwaka mzima, naamka nalia kwanza, ndipo navaa viatu."

Akalia palepale, kwa sauti, kamasi zikimtoka, na hakukuwa na jibu la daftarini kwa hilo. Mshauri alimmiminia chai, akamwacha alie mpaka alipotosheka.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Unamwogopa nani?"

"Mama yangu."

"Ni mkali?"

"Angekuwa mkali ingekuwa rahisi."

Walikaa hadi muda ukapita, wakakubaliana aendelee kuja kila wiki, akimbie asikimbie. Kocha alipoambiwa alijikuna kichwa kwa muda mrefu, akasema afadhali hilo kuliko "sijui". Ikabaki simu moja. Jioni ile Dizeli alikaa kwenye ngazi za jukwaa, akapiga moyo konde, akapiga na simu. Nyuma ya sauti ya mama yake cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Mama, Jumamosi sikimbii."

Cherehani ikanyamaza. "Umeumia?"

"Sijaumia. Nimechoka na mbio, mama. Sitaki tena, si Jumamosi tu."

Alisikia mteja akiuliza kitu kuhusu vifungo, na mama yake akimwambia, "Dada, nisubiri nje kidogo, nazungumza na mwanangu." Mlango ukafungwa.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka mzima." Mama yake alivuta pumzi. "Na mimi nakupigia kila Jumapili nakuuliza umetumia dakika ngapi."

"Mama, nisamehe. Najua unavyojisikia watu wakikuita Mama Bingwa…"

"Wewe! Kabla ya hapo waliniita kwa jina lako, na sikuwahi kulalamika. Hebu tuyaache hayo. Niambie, mwanangu. Hujambo?"

"Sijam…" Dizeli alianza, kwa mazoea, kisha akajikatiza. "Sijisikii vizuri, mama. Siku nyingi sana."

"Haya, nieleze," mama yake alisema, na Dizeli akasikia kiti kikivutwa.