Mpira Mpya wa Tangi la Mkaa

"Haya, msomi wa nyumba, ninywe au nisinywe?"

Dada yangu aliuliza huku mkono mmoja ukiwa umeshika bilauri ya maji ya bomba na mwingine umetulia juu ya tumbo lake la miezi saba. Ni mimi niliyemweleza kwamba mto unaolisha mabomba yetu hubeba mabaki ya dawa, viuatilifu vya mashambani na plastiki. Kwamba baadhi ya kemikali hizo hujifanya homoni, zikaingia mwilini na kutoa amri zisizo zao. Na kwamba mchanga na klorini vya mtambo wa maji havizizuii zote. Sasa utafiti wangu ulikuwa umeketi nasi mezani, ukinikodolea macho.

"Kunywa, dada. Kiasi chake ni kidogo mno."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hicho ndicho ninachokipima."

"Basi pima upesi. Huyu humu ndani hatasubiri mahafali yako." Akacheka, akanywa. Gauni alilonishonea kwa ajili ya siku hiyo lilikuwa limetundikwa mlangoni, limeshapigwa pasi.

Kule mtamboni, mkuu wa kituo, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa amenikabidhi tangi moja la majaribio. Tulilijaza mkaa amilifu, yaani mkaa uliopikwa kwa mvuke hata ukajaa vitundu visivyohesabika, ambamo kemikali hunasa kama vumbi kwenye blanketi. Sharti lake lilikuwa wazi: nikithibitisha kwamba mkaa unafanya kazi, ataomba uwekwe katika machujio yote ya mji. Nikishindwa, tangi litamwagwa na kurudishiwa mchanga.

Vipimo vya awali vilinitia moyo. Cha mwisho, ambacho ndicho kingeamua, kilinikata maini. Kemikali zote zilikuwa zimeshuka karibu na sifuri isipokuwa moja, nayo ilikuwa imepanda. Maji yalitoka kwenye mkaa yakiwa nayo nyingi kuliko yalivyoingia.

"Ufute huo mstari kwenye jedwali," mwenzangu wa maabara ya chuo aliniambia kwa sauti ya chini. "Mmoja tu. Nani atakuuliza?"

Niliuacha mstari ulivyo. Nilikwenda kulitazama tangi.

Nilimkuta fundi wa mitambo, ambaye kila mtu alimwita Mzee Koki, akilisugua kwa kitambaa kana kwamba ni gari la bibi harusi.

"Karibu, binti! Unaonaje? Limeoga, limevaa."

Ndipo nilipoona. Mahali pa bomba la chuma cha pua tulilolifunga mwanzoni, kwenye tundu la kutolea maji, palikuwa na mpira laini unaopitisha mwanga, mpya kabisa, uliozungushwa kwa madaha hadi kwenye koki ya kuchotea.

"Mzee, bomba la chuma liko wapi?"

"Lile la kijivu? Nimelistaafisha. Si mkuu analeta wageni kuliona tangi? Nikasema wayaone maji yanavyopita, meupe pe! Chuma kinakufichia sifa zako, mwanangu."

Niliinama, nikaunusa. Ulinuka kama koti la mvua lililotoka dukani. Nikaikumbuka kazi ya ile kemikali iliyopanda: viwandani hutumika kulainishia plastiki.

"Uliufunga lini?"

"Siku moja kabla hujaja kuchota yale maji ya mwisho. Kwani vipi?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. "Mzee, tumeyachuja maji, kisha tumeyapitisha ndani ya kitu kile kile tulichokuwa tukikikimbia!"

Alivua kofia, akautazama mpira wake kwa huzuni. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi waambie ni mimi."

"Nitawaambia ni mpira."

Hata hivyo, harufu si kipimo, na dhana yangu, hata ingekuwa nzuri vipi, isingesimama mbele ya mkuu wa kituo. Ilibidi bomba la chuma lirudishwe, tangi lisafishwe, maji yachotwe upya na kusubiri zamu ya mashine ya maabara. Kufikia hapo, muda wa kukabidhi tasnifu ungekuwa umepita na wenzangu wangevaa majoho bila mimi. Nilimpigia dada simu.

"Dada, gauni likikaa mwaka mzima litaharibika?"

"Gauni halichachi. Labda wewe ndiye utakayenenepa. Kuna nini?"

"Nitakueleza."

Kwenye kikao cha kuamua hatima ya tangi, mkuu wa kituo aliweka miwani yake mezani. Mzee Koki alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, na wageni walikuwa wamekwisha kukaa.

"Binti, sina haja ya hotuba. Mkaa unafanya kazi, au haufanyi?"

"Mama, naamini unafanya kazi, lakini bado sijathibitisha. Matokeo nimeyaleta yote, pamoja na mstari uliopanda, na nitaeleza kwa nini nadhani umepanda. Naomba tangi lisimwagwe. Narudisha bomba la chuma na kuanza kipimo upya. Mwaka huu sihitimu."