Jua Lililoshikwa Alasiri

Jumanne moja ya mwaka tisini na saba, Fahim alifunga kwa nusu saa duka lake la sururu na kamba, akawasha jenereta, akaingiza kwenye kompyuta toleo jipya la mchezo wa kurusha ndege alilotumiwa na kaka yake kutoka Dar. Toleo la zamani lilikuwa na mchana tu, mweupe pe. Hili lilikuwa na alfajiri, adhuhuri na magharibi, na kitufe cha kusogezea jua. Alipolisogeza la kwenye kioo, la nje nalo likasogea.

Watu wa Mwabagole hawakuchelewa kuzoea. Kwenye machimbo ya dhahabu mtu huona mengi. Wanawake wanaoanika udaga, ile mihogo ya unga, waliomba adhuhuri ndefu. Shehe alikuja kuomba jua lisiguswe Ijumaa, na Fahim akakubali. Walioteseka ni kuku, maskini, waliopanda kulala hata mara tatu kwa siku. Kasoro ya mwanga ule ilikuwa moja tu: vivuli vilichelewa. Mtu aliondoka, kivuli chake kikabaki kimesimama peke yake, kisha kikamfuata.

Alhamisi gari la kampuni ya madini likapita na kipaza sauti. Eneo limeshachukuliwa, likatangaza, na maduara yote, yaani mashimo ya wachimbaji, yatafukiwa jua likizama. Asubuhi hiyohiyo duara namba tisa lilikuwa limeporomoka na kumfungia mchimbaji Ignas chini. Alikuwa hai. Aligonga mwamba mara tatu, akapumzika, akagonga tena, na kivuli chake kilikuwa bado kimesimama mdomoni mwa duara. Wenzake walikuwa wanamchimbia njia ya ubavuni. Kufika alasiri, Makoye, aliyewaongoza, alisema yamebaki masaa manne.

Justa, mke wa Ignas, hakungoja kulia. Alikimbia hadi dukani.

"Bwana Fahim, lishike jua."

"Mpaka lini, Mama Mihayo?"

"Mpaka atoke."

Fahim akalishika palepale lilipokuwa, juu kidogo ya majabali.

Saa kumi na mbili, jua likiwa bado linachoma migongo, zikaja katapila mbili. Msimamizi wa kampuni, mtu mstaarabu aitwaye Bartholomeo, akashuka na karatasi zake, akasalimia kila mtu.

"Jua halijazama," Justa alimwambia, akalionyesha kwa kidole.

"Naliona, mama. Ila hilo la jua lilikuwa tangazo tu. Karatasi inasema saa kumi na mbili."

"Jamani, mna masikio? Mtu yumo humo!"

Wote wakanyamaza. Kugonga kukasikika kutoka chini, mara tatu, wazi kabisa. Bartholomeo akapekua orodha yake.

"Hapa namba tisa ni tupu," alisema, akapiga tiki.

Askari wawili waliofuatana naye wakamburuta Makoye na kumtoa kwenye ile njia ya ubavuni. Katapila ikakizunguka kivuli cha Ignas, maana dereva alikuwa amelelewa vizuri, ikasukuma kifusi ndani ya duara. Ilikuwa mchana kweupe, mbele ya watu mia tatu na askari wale, na kila mmoja aliona. Justa alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Chini kuligongwa mara tatu, kisha mara mbili.

Justa aliporudi dukani, alimkuta Bartholomeo ametangulia. Alikuwa ameegemea kaunta, anamsihi Fahim asilishushe jua. Yalikuwa yamebaki maduara arobaini na mawili, na kwa mwanga mzuri namna ile kazi ilikuwa inakwenda.

Fahim alimtazama Justa, mkono ukiwa juu ya kitufe.

"Lizamishe," Justa akasema. "Sitaki hata kuliona."

Fahim akalizamisha. Giza likaifunika Mwabagole yote. Kule machimboni katapila zikawasha taa, zikaendelea.