Maziko ya Jongoo

Kaka Cletus alipofika kwetu Likawage na kusema amekuja kutafuta majongoo, bibi yangu, Binti Salumu, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamwuliza, "Kwani huko Songea panya wamekwisha?"

Mgeni mwingine angenuna. Cletus aliinama akaamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mla panya."

Hapo akajua amefika. Yeye Mngoni, sisi Wangindo, na makabila hayo ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka. Anachukua kitu chako na huna polisi wa kumwendea. Ukikasirika, aibu ni yako.

Akapewa chumba cha uani. Mimi nikawa nampikia, na mchana nafuatana naye msituni kumshikia chupa zake. Alikuwa anasoma chuo kikuu Dar, na somo lake majongoo tu, basi. Nilimwuliza mama yake anasemaje. Akasema mama yake anawaambia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari.

Jongoo aliyekuwa anamtaka ni yule mweusi mwenye mstari wa rangi ya chungwa mgongoni. Sisi tunamwona kila masika, tunamruka, tunapita. Lakini Cletus alisema huyo hajaandikwa popote, kwa hiyo kwa wasomi ni kama hayupo.

"Hayupo?" Bibi akashangaa. "Na yule aliyenipanda mguuni juzi nikiwa chooni alikuwa nani?"

"Yupo, Bibi, ila hana jina."

"Si umpe jina uende zako? Mimi mtoto wa jirani nimempa jina huku napepeta mchele."

"Siwezi mpaka nipate dume."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Cletus akaeleza kwa adabu. Majike ya majongoo yanafanana, hata wewe mwenyewe uwe jongoo unaweza kukosea mke. Dume ndilo linalosema ukweli. Karibu na kichwa, badala ya miguu, lina vikulabu vidogo, na kila aina ina vya kwake, kama ufunguo na kufuli yake. Ukiviona vile ndipo unajua huyu ni mpya au ni ndugu wa fulani. Na yeye alikuwa amekuja masika iliyopita akapata majike matupu. Mwalimu wake alikwisha mwambia: safari hii usipopata dume, jongoo wako atafute mtu mwingine.

Siku yake ya mwisho ikafika, gari likiwa linakuja alasiri, naye hajapata kitu. Asubuhi tuliingia msituni bila hata kunywa chai. Aligeuza magogo yaliyooza moja baada ya jingine, mgongo wote matope. Chini ya gogo moja akaganda. Walikuwa wawili wa mstari wa chungwa, wamekumbatiana.

"Dada Naima, usipumue," akaninong'oneza.

Mimi nilikuwa nimekwisha geuza uso. Watu wamekumbatiana kwao, wewe unawatolea macho ya nini? Lakini Cletus alikuwa amelala kifudifudi na lenzi yake, anaita jina la Mungu polepole. Vikulabu vilikuwapo. Akawatia wote wawili kwenye chupa ya spiriti, na njiani kurudi hakuacha kuimba.

Tulipofika akaweka chupa barazani, akaenda kuoga. Bibi akaisogelea.

"Humu mna nini?"

"Dume na jike, Bibi."

"Wazima?"

"Wamekufa."

Neno lilipotoka tu nikajua nimeharibu. Kwetu mtani akifiwa, watani ndio wanaosimamia msiba, wanazika na kufanya vituko, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Bibi alikwisha simama.

"Msiba umeingia, na mfiwa anaoga! Wangindo tuko wapi?"

Nikasema Bibi, hicho ni kitu cha kazi yake. Akaniambia nikae nitulie. Alimtoa mmoja kwa kijiti, akamkunja katika kipande cha kanga, akazunguka nyuma ya jiko. Yule mwingine alimwacha chupani. "Mume azikwe," alisema. "Mke akae eda."

Cletus alipotoka bafuni na taulo kiunoni aliwakuta kina mama wa mtaa mzima wamekaa mkekani, kanga vichwani, wanamlilia marehemu.

"Pole, mtani wangu," Bibi akamwambia. "Tumeshakusitiri. Mume tumemzika, mjane yumo chupani."

Rangi ilimtoka. Nilimwangalia sana wakati ule. Taya lilikuwa linacheza, na taulo alilikaza kiunoni mara mbili. Alitaka kukasirika, na alijua haruhusiwi.

"Bibi, nakuomba. Gari linakuja. Nionyeshe ulipomzika."

"Ufukue kaburi? Kumbe Wangoni ni wachawi pia?"

"Bibi..."

"Kwanza lia. Mfiwa gani ana macho makavu?"

Basi Cletus akaketi chini na taulo lake, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, akamtaja marehemu na miguu yake yote, kina mama wakawa wanapigana vikumbo kwa kucheka. Mimi nilikuwa karibu. Machozi mengine hayakuwa ya utani.

Bibi naye nadhani aliyaona, maana alilegeza sauti. "Haya. Lakini tumemzika bila kumtaja jina, na hiyo si heshima. Jina nitampa mimi. Ukikubali, nakuonyesha."

"Nakubali."

"Hata hujalisikia!"

"Nakubali, Bibi!"

"Aitwe Mngoni. Akiguswa kidogo tu, anajikunja."

Vigelegele vikapigwa. Cletus akapelekwa nyuma ya jiko, penye kifusi kidogo chini ya mgomba, akafukua kwa kijiko changu cha kupakulia. Akafungua kanga, akaweka lenzi jichoni. Akamgeuza, akatazama tena.

"Bibi, huyu ni jike."

"Jike gani nene hivi? Mimi nimechagua mkubwa."

"Kwa majongoo mke ndiye mnene."

"Haa!" Bibi akajishika mdomo. "Nimezika mjane!"

Cletus hakungoja. Alikimbia barazani, taulo likibakia kwa bahati, akainua chupa juani. Dume lilikuwa ndani, limetulia, na vikulabu vyake salama. Alikaa kwenye ngazi, akaipakata chupa kifuani mpaka pumzi ikamrudia.

Gari likapiga honi wakati anafunga vifungo vya shati. Bibi akamsogelea, safari hii hana kelele.

"Mjukuu wangu, lile jina lilikuwa la kuchekea. Wewe weka unalotaka."

"Hapana, Bibi. Nimekubali mbele za watu. Mwalimu akiridhika na dume hili, nitaliandika jina hilohilo, na likishachapishwa halifutwi tena."

"Vizuri. Dunia nzima ijue Mngoni anajikunja."

"Itajua na mengine," Cletus akasema, anapakia begi. "Babu zangu walikuja huku na mikuki, wakarudi kwao. Sasa kila atakayesoma ataambiwa kwamba msitu wa Likawage una Mngoni wake. Kazaliwa hapa, kwao hapa, na hakuna wa kumwambia arudi Songea."

Bibi alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Toka nizaliwe sijawahi kuona jambo hilo.

Cletus akapanda, chupa mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Gari lilipoanza kuondoka ndipo Bibi akapata sauti, akalifuata, kanga mkononi.

"Wewe! Andika Mngindo! Mngindo, nakwambia!"

Cletus alitoa kichwa dirishani, akaweka kiganja sikioni, kama mtu ambaye, kwa kelele za injini, hasikii kabisa.